Waratibu wanne, pilau moja na kundi lililogeuka la michango: uchambuzi wa kisa cha wanafunzi wa uzamili Kisumu

Kisa hiki ni cha mfano. Kimeundwa kwa kuunganisha mambo yanayojirudia katika kampasi za magharibi mwa Kenya, ili hesabu na hatua zionekane waziwazi. Hakilengi chuo wala mtu mmoja.

Chuo kikuu cha umma kina kampasi mjini Kisumu. Kwenye rejista kuna wanafunzi 180 wa uzamili na 40 wa uzamivu, lakini ukipita kampasini Jumanne saa nne asubuhi hutawaona. Mwalimu yuko darasani Ahero, muuguzi yuko zamu, afisa wa kaunti yuko ofisini, na mwingine yuko Bondo akimsubiri msimamizi ambaye hajajibu barua pepe kwa wiki tano. Masomo ya darasani yakiisha, kila mmoja hubaki peke yake na tasnifu. Hapo ndipo wengi hupotea. Hawaandiki barua ya kuacha masomo. Wanaacha tu kupokea simu.

Shule ya Masomo ya Uzamili iliona tatizo, ikaajiri wanafunzi wanne kuwa waratibu wa jumuiya. Kila mmoja angefanya kazi saa 10 kwa wiki kwa posho ya shilingi 10,000 kwa mwezi, katika muhula wa wiki 15 unaolipwa kama miezi minne. Shughuli zilitengewa shilingi 60,000. Jumla ni shilingi 220,000. Maelezo ya kazi yalikuwa sentensi moja: kujenga jumuiya miongoni mwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu.

Wiki ya pili ilifanyika tafrija ya kuwakaribisha wanafunzi, Ijumaa jioni. Walikuja 70, wakala pilau, wakapiga picha. Chakula na ukumbi vilimeza shilingi 38,000. Wiki ya nne ilipangwa matembezi ya Jumamosi hadi ufuo wa Dunga, wakaja 11. Wiki ya tano kundi la WhatsApp lilikuwa na watu 214, na ujumbe karibu wote ulikuwa wa michango ya mazishi, matangazo ya nyumba za kupanga na mtu anayeuza laptopu. Wiki ya saba mratibu mmoja aliondoka kwa sababu tarehe ya kutetea pendekezo lake la utafiti ilikuwa imefika. Wa pili aliondoka kwa sababu posho ya mwezi wa kwanza haikuwa imelipwa. Aliyeondoka kwanza ndiye aliyekuwa msimamizi wa kundi, kwa namba yake mwenyewe. Aliondoka na usimamizi huo.

Saa zilikwenda wapi

Hitimisho la haraka lilikuwa kwamba waratibu ni wavivu. Mmoja wao alikuwa ameandika saa zake daftarini, na daftari hilo lilionyesha jambo jingine kabisa. Tafrija ya saa tatu ilimgharimu saa 19. Kuandika barua ya kuomba ukumbi na kufuatilia sahihi tatu kulichukua saa 4. Kukusanya bei kutoka kwa wapishi watatu, kama taratibu za ununuzi zinavyotaka, saa 3. Kutangaza na kujibu maswali, saa 2 na nusu. Siku yenyewe, tangu kupanga viti hadi kurudisha ufunguo, saa 6. Kurejesha hesabu ya masurufu, saa 3 na nusu, maana muuza maji hakuwa na risiti ya eTIMS, mfumo wa kielektroniki wa ankara za kodi, na ofisi ya fedha ilikataa karatasi yake.

Saa 19 ni karibu wiki mbili za mkataba. Katika wiki hizo mbili hakuzungumza na mwanafunzi hata mmoja kuhusu masomo yake. Wenzake watatu walikuwa katika mbio zilezile, kwa hiyo nguvu ya watu wanne ilimalizikia kwenye tukio moja lililowakusanya hasa wale wanaojuana. Waliokuja kwenye tafrija wengi walikuwa wa mwaka wa kwanza wanaokutana darasani kila wiki. Aliyekwama kwenye sura ya pili tangu mwaka jana hakuja, na hakuna aliyegundua.

Hili ndilo kosa kuu katika kisa hiki, na linatuuma kwa sababu pesa zilikuwepo na nia ilikuwepo. Kazi ilipangwa kama burudani. Wanafunzi wa shahada ya kwanza huishi pamoja hosteli, hula pamoja, na tafrija hunogesha ujirani ambao tayari upo. Mwanafunzi wa uzamili ana familia, ana bosi, ana kanisa na ana chama. Marafiki anao. Alichokosa ni mtu aliye katika hatua ileile ya tasnifu, anayejua fomu ipi hutangulia na kamati ya maadili hukaa lini. Mpe hicho naye atakuja bila pilau.

Jumamosi ya magharibi mwa Kenya

Kalenda nayo ilichangia, ingawa ilionekana jambo dogo. Katika ukanda huu Jumamosi ni siku ya mazishi. Mtu mzima mwenye ukoo Siaya, Vihiga au Homa Bay hawezi kukuahidi Jumamosi tatu mfululizo, na hapaswi kulaumiwa kwa hilo. Pia Waadventista wa Sabato ni wengi, hasa kuanzia Nyanza Kusini hadi Kisii, na kwao Jumamosi ni ibada. Ijumaa jioni steji ya Kisumu hujaa wanaokwenda nyumbani. Waratibu walikuwa wamechagua siku mbili mbaya kuliko zote, kwa sababu tu ndizo siku ambazo kumbi zilikuwa wazi. Ukumbi ukipatikana kwa urahisi mno, jiulize kwa nini.

Siku zilizobaki ni za katikati ya wiki kwa wanaofanya kazi mjini, na Jumapili alasiri kwa wanaotoka mbali. Walimu wana kalenda yao: Aprili, Agosti na Desemba shule zinapofungwa ndipo wanaosoma kwa likizo huonekana kampasini kwa wiki kadhaa mfululizo. Mkataba wa mratibu unaoanza Septemba na kuisha kabla ya Desemba huwakosa watu hawa kabisa, nao ndio wengi kwenye rejista ya elimu.

Muundo uliochukua nafasi yake

Muhula uliofuata fungu lilibaki lilelile. Waratibu walipunguzwa hadi wawili, saa zikawa 8 kwa wiki, posho ikapanda hadi shilingi 12,000. Wakuu wa idara waliona hasara: watu wachache, saa chache, malipo zaidi kwa kila mmoja. Kwa maoni yetu huo ulikuwa uamuzi bora kuliko yote. Waratibu wanne wasio na mipaka hutegeana. Wawili wenye eneo lao hujulikana kwa majina. Mmoja alichaguliwa miongoni mwa wanaosoma kwa muda wote na kuishi mjini, mwingine miongoni mwa wafanyakazi wanaosoma wikendi na likizo. Aliyebakiza chini ya miezi sita kutetea hakuchukuliwa, hata awe mahiri vipi. Kila mwombaji alileta barua ya msimamizi wake ikisema anajua kuhusu saa hizo 8, kwani msimamizi anayeshtukizwa ndiye humwambia mwanafunzi aache kazi wiki ya sita.

Saa 8 ziligawanywa kwenye karatasi kabla ya mkataba kutiwa sahihi. Meza ya kuandika pamoja na maandalizi ni saa 2 na nusu. Simu ni saa 2. Kuunganisha watu baada ya simu ni saa 1, matangazo na kujibu maswali saa 1, daftari nusu saa, kikao na mkurugenzi wa Shule ya Masomo ya Uzamili nusu saa, na nusu saa ya akiba. Kitu kipya kikiongezwa, mkurugenzi husema kipi kinaondolewa. Sharti hilo liliandikwa.

Meza ya kuandika ni kitu rahisi sana. Jumatano, saa kumi na moja na robo jioni hadi saa moja usiku, chumba kilekile, wiki zote 15, hata kama amekuja mtu mmoja. Dakika 10 za kwanza kila mtu anasema anachoandika leo: si "tasnifu", bali "aya tatu za mbinu za sampuli". Dakika 40 za kimya. Dakika 10 za chai. Dakika 35 za kimya tena. Dakika 10 za mwisho, kila mmoja anasema alipofika. Saa moja watu wanatoka pamoja hadi steji, na hilo si adabu tu. Giza la Kisumu huingia karibu saa moja, na wanawake waliacha kuja kwenye vikao vya muhula uliotangulia kwa sababu viliisha saa mbili na kila mtu akajitafutia boda yake.

Chai ya watu 20 ni lita 6 na mandazi 40. Zilitengwa shilingi 1,500 kwa wiki kwa meza zote mbili, ya Jumatano na ya Jumapili, yaani shilingi 22,500 kwa muhula. Ili kukwepa vita vya risiti, kantini ya kampasi iliandikiwa oda moja ya muhula mzima. Mratibu hashiki pesa za chakula hata kidogo. Ukijumlisha posho za shilingi 96,000, muhula unagharimu 118,500, na kinachosalia kinatosha muda wa maongezi, bando na kikao kirefu cha walimu wakati wa likizo.

Meza ya Jumapili huanza saa nane mchana. Ugumu wake ni lango. Askari wa zamu ya Jumapili hana amri ya kuwafungulia wanafunzi wasiovaa sare wala kubeba vitabu, hivyo barua ya msajili yenye jina la mratibu na namba ya chumba hubandikwa langoni mwanzoni mwa muhula. Walio mbali hujiunga kwa sauti tu, bila picha, kwa sababu picha humaliza bando na mtandao wa vijijini hukatika mvua ya alasiri inapoanza. Kuna jambo jingine ambalo mratibu lazima alishughulikie kwa upole: mezani pakiwa na Wajaluo kumi, mazungumzo ya chai hugeuka Kijaluo bila mtu kukusudia, na mwanafunzi kutoka Pwani au Sudan Kusini hukaa akitazama kikombe. Mratibu anageuza maongezi kuwa Kiswahili kwa kumuuliza mgeni swali. Asihutubie.

Simu kumi na mbili

Sehemu hii haionekani na mtu, na ndiyo inayobeba mzigo wote. Kila mratibu hupiga simu 12 kwa wiki, dakika 10 kila moja pamoja na kuandika. Wawili hufikisha 24, kwa hiyo wanafunzi wote 220 hufikiwa chini ya wiki kumi. Wa mwaka wa kwanza hutangulia, kisha waliokaa kimya zaidi ya muhula mmoja.

Simu ya namna hii huanza na kuondoa hofu, kwa sababu simu kutoka chuoni huwa ya karo na simu kutoka kundini huwa ya mchango. "Pole na kazi, mwalimu. Mimi ni mwanafunzi mwenzako wa uzamili, naratibu wenzetu. Sikupigii kwa karo wala mchango. Nilitaka kujua umefika wapi na tasnifu." Halafu mratibu ananyamaza. Wengi hucheka kidogo, kisha huzungumza.

Daftari lina safu nne tu: tarehe, hatua, kinachofuata, wa kuunganishwa naye. Hatua ni sita: darasani, pendekezo, vibali, ukusanyaji wa data, uandishi, masahihisho. Thamani yake huonekana zaidi kwenye vibali. Mtu anahitaji idhini ya kamati ya maadili ya utafiti, kisha leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, kisha kuripoti kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu wa kaunti kabla ya kuingia uwandani. Hakuna hatua iliyo ngumu peke yake. Ugumu ni kutojua mpangilio, na mtu mmoja aliyepita njia hiyo mwezi uliopita hukuokolea wiki nzima kwa dakika kumi za simu. Mratibu hamfundishi mtu utafiti. Anasema, "Kuna mwenzako amemaliza vibali juzi, amekubali nikupe namba yake."

Neno "amekubali" si la mapambo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawahusu hawa pia. Orodha ya namba hutolewa na ofisi ya usajili kwa kazi hii tu, hukaa kwenye simu ya ofisi, na namba ya mtu haipewi mwingine mpaka mwenyewe aseme ndiyo. Kwenye daftari hakuna safu ya matatizo ya nyumbani, ugonjwa wala migogoro na msimamizi. Huwezi kuvujisha usichoandika.

Lakini mratibu atasikia mambo hayo. Mtu akiulizwa kwa upole baada ya miezi minane ya ukimya, hufunguka. Kwa hiyo mratibu ana ukurasa mmoja wa ofisi na namba: mkuu wa wanafunzi, ushauri nasaha, zahanati ya kampasi, dawati la jinsia la polisi, na 1195, namba ya bure ya kitaifa kwa walioathiriwa na ukatili wa kijinsia. Akisikia malalamiko ya kudhulumiwa, hachunguzi, hamkabili mhadhiri, hapelekei kundini. Anamuuliza mlalamikaji anataka nini, na akitaka, anamsindikiza hadi mlangoni. Mratibu ni mwanafunzi. Mhadhiri huyohuyo huenda akakaa kwenye jopo lake la utetezi. Kumbebesha uchunguzi ni kumponza.

Kundi na michango

Kundi la zamani halikufutwa. Mkurugenzi alitaka michango ipigwe marufuku, na hapo tunatofautiana naye. Mtu anayeleta msiba wake kwa wanafunzi wenzake amewahesabu kuwa watu wake. Katika muhula mzima uliofeli, hiyo ndiyo ishara pekee kwamba jumuiya ilikuwa inaota mizizi. Kosa lilikuwa kuiacha imeze matangazo ya masomo. Kundi la zamani likaachwa kuwa la faraja na michango, likiwa na mweka hazina na katibu waliochaguliwa na wanachama, kama chama chochote. Mratibu haruhusiwi kuwa mweka hazina, na hakuna senti inayopita kwenye M-Pesa yake.

Matangazo ya masomo yalihamishiwa kwenye kundi la matangazo ndani ya jumuiya ya WhatsApp, ambamo wasimamizi pekee huandika na wanachama hawaoni namba za wenzao. Ujumbe ni miwili kwa wiki: Jumatatu tangazo la meza, Ijumaa tarehe moja ya ofisi inayokaribia. Msimamizi mkuu ni laini ya ofisi. Waratibu huongezwa kuwa wasimamizi na huondolewa mkataba ukiisha.

Mkataba na malipo

Hapa ni pa kufupisha, ingawa ndipo mmoja wa waratibu wa kwanza alipopotelea. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi. Kabla ya kutia sahihi, ofisi ya rasilimali watu iseme kama hii ni ajira au posho ya masomo, kwa sababu makato hutegemea jibu hilo. Ikiwa ni ajira, kwa viwango vya 2025 shilingi 12,000 hukatwa 330 za SHIF (bima ya afya), 180 za ushuru wa nyumba na 720 za NSSF (hifadhi ya jamii). Kodi ya mapato haipo kwa kuwa mshahara uko chini ya 24,000. Mkononi zinabaki 10,770. Mwambie mratibu kiasi hicho, usimtajie 12,000. Fomu, namba ya KRA (mamlaka ya kodi) na akaunti ya benki ziwasilishwe wiki mbili kabla ya kuanza. Jina likikosa orodha ya malipo ya mwezi wa kwanza, malipo hayatasubiri wiki moja, yatasubiri mwezi.

Mkataba uwe na vifungu viwili vya ziada. Kimoja kinampa mratibu wiki mbili za kusimama kila muhula kwa ajili ya utetezi au kazi ya uwandani, kwa taarifa ya siku tatu, na mwenzake anashika meza zote mbili bila simu. Kingine kinahusu mgomo. Mgomo wa wahadhiri wa 2025 ulianza Septemba ukaisha Novemba, na jambo hilo linaweza kurudi. Meza ya kuandika haihitaji mhadhiri, kwa hiyo isisimame. Chumba kikifungwa ihamie maktaba ya umma mjini, na kifungu kiseme posho inaendelea.

Kupima na kukabidhi

Idadi ya wanaohudhuria ndiyo takwimu rahisi na ndiyo inayodanganya. Meza yenye watu tisa walewale kwa wiki kumi ni mafanikio. Tafrija ya 70 haikuacha kitu. Mkurugenzi huuliza maswali matatu katikati na mwisho wa muhula: wangapi wa mwaka wa kwanza walizungumza na mratibu kabla ya wiki ya tatu kuisha, wangapi wamerudi mezani angalau mara tatu, na wangapi waliokuwa kimya wamesogea hatua moja kwenye daftari. Majibu yote yamo daftarini tayari. Mratibu asiandikishwe ripoti ya kurasa kumi. Saa zake hazina nafasi hiyo.

Mikataba ya wawili hawa haiishi siku moja. Mmoja huanza Septemba, mwingine Januari, kila mmoja kwa miezi minane, ili daima awepo anayejua wanafunzi kwa sauti zao na ili Aprili, Agosti na Desemba zote zipate mtu. Wiki mbili za mwisho za mkataba mratibu mpya hukaa naye mezani na kusikiliza simu sita kwa idhini ya anayepigiwa. Vinavyokabidhiwa ni daftari, simu yenye laini ya ofisi, ukurasa wa namba za rufaa na nakala ya oda ya kantini. Barua ya langoni nayo ibadilishwe jina kabla ya Jumapili ya kwanza ya mratibu mpya, maana asiporuhusiwa kuingia siku hiyo, waliotoka Siaya na Ahero watasimama nje naye, na wengi wao hawatapanda matatu tena Jumapili ya pili.